Upanga Usiokuwamo Sandukuni: Vikumbusho vya Vita katika Going Solo ya Roald Dahl

Makala haya yanakusudia kuchunguza namna vikumbusho vya vita, yaani barua, picha, daftari la rubani na vitu vya mezani, vinavyotumika kama ushahidi katika Going Solo, tawasifu ya Roald Dahl iliyotolewa mwaka 1986. Kitabu hiki kinafuata Boy (1984), nacho kinasimulia maisha ya mwandishi tangu 1938, alipopanda meli kuja Dar es Salaam akiwa mwajiriwa wa kampuni ya mafuta ya Shell, hadi 1941, aliporudishwa Uingereza kwa sababu ya maumivu ya kichwa yasiyomruhusu kurusha ndege tena. Katikati ya miaka hiyo yamo mafunzo ya urubani mjini Nairobi na Habbaniya nchini Iraki, ajali katika jangwa la Misri, vita vya angani nchini Ugiriki, na mapigano dhidi ya Wafaransa wa Vichy katika nchi ya Shamu.

Huenda msomaji akauliza kitabu hiki kinaihusu nini idara ya lugha za Kiafrika. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya kwanza yake inatokea Tanganyika, wahusika wake wa Kiafrika wanazungumza na msimulizi kwa Kiswahili, na wasomaji wasio wachache hukichukua kuwa shahidi wa kuaminika wa hali ya Dar es Salaam vita vilipozuka Septemba 1939. Dai letu ni kwamba ushahidi wa vikumbusho haukienei kitabu kizima kwa kiwango kimoja. Unakitegemeza vizuri pale ambapo mwandishi yupo hewani. Unapwaya katika kisa cha ajali. Na katika Tanganyika, kwa kisa kilicho kizito kuliko vyote, haupo kabisa. Lakini kitabu kimepangwa kwa namna ambayo humfanya msomaji asitambue mahali unapokoma.

Kwanza tuvitazame vikumbusho vyenyewe. Dahl alimwandikia mama yake, Sofie Magdalene, barua kwa bidii isiyo ya kawaida tangu alipopelekwa shule ya bweni mwaka 1925. Mama akazihifadhi zote, zaidi ya 600, akazifunga mafungu mafungu, na mwana akaja kuzipata baada ya mama kufariki mwaka 1967. Barua hizo ndizo zinazochapishwa vipande vipande ndani ya kitabu, pamoja na picha alizopiga mwenyewe na kurasa za daftari lake la urubani. Vikumbusho vingine vilibaki katika kibanda chake cha kuandikia huko Great Missenden: sanamu ndogo ya ndege ya Hurricane, na kichwa cha mfupa wa paja lake mwenyewe, kilichotolewa na madaktari walipomtia nyonga ya bandia. Mwaka 2011 mjukuu wake, Sophie Dahl, aliwaomba watu wachangie kiasi cha pauni 500,000 ili kuokoa kibanda hicho, na wapo waliouliza kwa nini familia yenye mapato makubwa ya vitabu ipitishe bakuli kwa wananchi. Tangu 2012 vyombo vya kibanda vimo katika jumba la makumbusho la mji huohuo. Kwa hiyo mjukuu wa leo, na msomaji wa leo, humkuta babu huyu kupitia vitu kabla ya kumkuta kupitia maneno, na vitu hivyo huwa tayari vimekwisha kumdhamini.

Kati ya vyote, chenye kumstahilia mhakiki wa fasihi uangalifu mkubwa ni daftari la urubani. Kila rubani wa jeshi la wanahewa la Uingereza alipewa daftari la namna hiyo, akalazimika kulijaza baada ya kila safari. Kurasa zake zimepigwa mistari: tarehe, aina ya ndege na namba yake, jina la rubani, jina la mwanafunzi au abiria, kazi iliyofanywa, kisha saa za mchana na saa za usiku, zikitengwa zile za kuruka na mwalimu na zile za kuruka peke yake. Saa hujumlishwa, na mkuu wa kikosi hutia sahihi. Ndani ya utaratibu huo hamna nafasi ya sifa wala ya hofu. Rubani aliyeponea chupuchupu asubuhi na rubani aliyepeleka ndege kwa fundi huandika mistari miwili inayolingana kwa urefu.

Ni utanzu, basi, ingawa hakuna anayeuhesabu miongoni mwa tanzu. Unafanana na vitabu vya hesabu vya wafanyabiashara wetu wa pwani kuliko unavyofanana na shajara, kwa kuwa umeandikwa ili ukaguliwe na mwingine. Nguvu yake ya kifasihi iko katika kuacha. Mjukuu anayelifungua daftari la babu yake hukuta mstari wa tarehe fulani, kisha majuma kadhaa matupu, kisha mstari mwingine ulioandikwa kwa mwandiko uleule uliotulia. Na ni yale majuma matupu yanayomfanya aulize maswali. Katika daftari la Dahl pengo la namna hiyo lipo baada ya tarehe 19 Septemba 1940, siku ya ajali, alipolala miezi mingi hospitalini Alexandria.

Dahl alilielewa jambo hili, na sura zake za Ugiriki ndizo bora kitabuni kwa sababu hiyo. Hapo msimulizi analiegemea daftari lake waziwazi, anahesabu mara alizopaa siku kwa siku, na sentensi zake zinakuwa fupi na kavu kama mistari ya daftari. Anatuambia kwamba alipelekwa Ugiriki, Aprili 1941, akiwa na saa chache tu za kuirusha Hurricane na bila kufundishwa lolote kuhusu kupigana angani. Halalamiki sana, anaorodhesha. Katika mapigano ya tarehe 20 Aprili juu ya Athens, ambamo aliuawa Pat Pattle, rubani mashuhuri aliyezaliwa Afrika Kusini, Dahl anazitaja Hurricane 12, ilhali wanahistoria hutaja 15. Tofauti hiyo si kubwa, na haimpunguzii mwandishi heshima. Tena inafaa kukumbuka kwamba kumbukumbu za vikosi zilipotea katika mafungo ya kuihama Ugiriki, na ndiyo maana idadi ya ndege alizoziangusha Pattle inabishaniwa mpaka leo. Mtu aliyesifiwa kuwa hodari kuliko wote hana hesabu inayokubaliwa, na kijana aliyekuwa mgeni kabisa wa vita analo daftari lake mkononi. Uhai wa karatasi una bahati yake, nayo haifuati sifa za watu.

Hata hapo, hata hivyo, tusizichukue barua kwa uzito uleule wa daftari. Barua zilipita mikononi mwa wakaguzi wa jeshi, tena ziliandikwa na mwana kwa mama mjane. Kila sababu ya kupunguza makali ilikuwapo. Mwandishi anapozipachika barua hizo katikati ya masimulizi ya mwaka 1986, sauti mbili zinasikika kwa pamoja: kijana anayemtuliza mama, na mzee anayetaka kumshtua msomaji. Mgongano huu ni wa kupendeza, na ni mojawapo ya mafanikio ya fani katika kitabu, ingawa sina hakika kwamba mwandishi aliukusudia daima.

Sasa tuje kwenye ajali. Siku ile Dahl alikuwa akiipeleka Gladiator katika kikosi cha 80, karibu na Mersa Matruh. Alielekezwa mahali pasipokuwa na kiwanja. Jua likakaribia kutua, mafuta yakapungua, naye akajaribu kutua jangwani. Ndege ikagonga, ikawaka, na fuvu lake likapasuka. Kisa hiki amekisimulia zaidi ya mara moja. Mara ya kwanza kilitokea katika gazeti la Saturday Evening Post la Marekani, Agosti 1942, kikiwa na kichwa kinachosema kwamba rubani aliangushwa juu ya Libya. Alikiandika upya kwa jina la "A Piece of Cake" katika mkusanyiko wake wa hadithi Over to You (1946). Kisha likaja toleo la Going Solo, ambamo anakana waziwazi kwamba adui alihusika, na kuweka lawama kwa afisa aliyempa mwelekeo usio sahihi.

Wahakiki wengi wametosheka na maendeleo haya: kijana alitia chumvi kwa ajili ya vita, mzee akasahihisha. Lakini yapo yanayokwenda kinyume. Katika hadithi ya 1946 msimulizi hayuko peke yake jangwani. Rubani mwenzake, anayeitwa Peter, anatua kando yake na kukaa naye. Katika tawasifu ya 1986 Peter ametoweka; majeruhi anajiburura kutoka motoni peke yake, katika upweke kamili. Naye Donald Sturrock, katika wasifu wa Dahl alioutoa mwaka 2010, ameonyesha kwamba mwenzake alikuwapo kweli: Douglas McDonald, aliyetua salama na kumtunza usiku ule. Ni kusema kwamba toleo lililoitwa hadithi lilimhifadhi mtu, na toleo lililoitwa kweli likamfuta.

Daftari halikuweza kuzuia jambo hili, maana daftari la rubani humwandika rubani mmoja. Mwenzake ana daftari lake, nalo liko katika sanduku la familia nyingine. Hapa ndipo tunapoona udhaifu wa kikumbusho kama ushahidi: kinathibitisha kwamba mwenyewe alikuwapo, lakini hakisemi ni nani mwingine aliyekuwapo. Mwandishi anayetaka kuwa shujaa mpweke hahitaji kughushi chochote. Anahitaji tu kunyamaza, kisha kuweka picha halisi ukurasa wa pili.

Ikiwa mwandishi aliweza kumwondoa rubani mwenzake, Mwingereza mwenye cheo na jina katika majalada ya jeshi, tutarajie nini kwa mtumishi wake wa Dar es Salaam? Swali hili linatupeleka kwa Mdisho.

Mdisho ni kijana aliyemtumikia Dahl nyumbani. Vita vinapotangazwa, Dahl anawekwa na askari wa King's African Rifles kuzuia njia iendayo kusini ili Wajerumani wasitorokee katika koloni la Wareno. Anaporudi nyumbani anamweleza Mdisho kwamba sasa ni vita na Wajerumani. Mdisho anauchukua upanga wa Kiarabu uliotundikwa ukutani, ambao Dahl aliununua kwa nahodha wa jahazi, anakimbia usiku hadi kwa Mjerumani tajiri mwenye shamba la mkonge, na kumkata kichwa. Bwana anaposikia hamripoti. Anamwonya asimwambie mtu, na upanga anampa uwe wake.

Kisa kinasimuliwa kwa ustadi ambao hakuna atakayeukana. Lakini kilikwisha kuchapishwa mwaka 1943 kama hadithi fupi iitwayo "The Sword", katika jarida la Marekani la The Atlantic Monthly. Kilihama kutoka hadithi kuingia tawasifu bila kupewa hati yoyote ya safari, ilhali katika kitabu chenyewe kimezungukwa pande zote na barua na picha za kweli. Tena kimejengwa kwa namna ambayo kifaa cha pekee ambacho kingekithibitisha kinatoka mikononi mwa mwandishi ndani ya kisa chenyewe. Mtu aliyehifadhi mpaka mfupa wa paja lake hakuuhifadhi upanga. Sisemi kwamba hili peke yake linathibitisha ubunifu. Nasema kwamba mhakiki anayepima ushahidi hana budi kuliona, na kwamba maelezo yaliyo rahisi zaidi ni kuwa upanga uliishia kwa Mdisho kwa sababu hadithi ilihitaji uishie huko.

Lugha inatoa ushahidi mwingine. Dahl anamwita Mdisho "Mwanumwezi", na jina hilo analitumia kwa mtu na kwa kabila. Msomaji wetu atatambua mara moja kwamba anakusudia Mnyamwezi. Kosa lenyewe si la ajabu: m ya silabi mbele ya ny ni mgumu kwa sikio la mgeni, naye ameivunja kwa kuingiza irabu na kulifanya neno liwe na umbo analoweza kulitamka. Jambo la kufikirisha ni kwamba limesalia hivyo katika kitabu kilichohaririwa mwaka 1986. Ndege zimetajwa kwa aina zao bila hitilafu. Jina la watu walio miongoni mwa makabila makubwa ya Tanzania halikupata hata dakika tano za kamusi. Tofauti hiyo ya uangalifu ndiyo tofauti iliyopo kati ya kilichomo sandukuni na kisichokuwamo.

Aidha, anawaeleza watu hao kuwa mashujaa wa vita waliowahi kuwashinda Wamasai. Atakayemkumbuka Mirambo hatasema kwamba Wanyamwezi hawakujua kupigana. Lakini sifa yao iliyoenea karne nzima ya kumi na tisa, tangu Tabora hadi Bagamoyo, ilikuwa ya wapagazi na wafanyabiashara wa misafara, na misafara hiyo ilikuwa miongoni mwa njia kuu zilizokieneza Kiswahili bara. Sifa hiyo haimo kitabuni, na si vigumu kuona kwa nini. Mjukuu wa wapagazi ana ulimwengu wake, anajua bei ya vitu na tabia za wageni. Mjukuu wa mashujaa wa kubuni anahitaji tu kuelekezwa adui.

Hapa ndipo suala la mazungumzo linapojitokeza, na kwangu ndilo kubwa kuliko yote. Dahl anasema kwamba Kiswahili alijifunza kwa miezi michache tu kwa kamusi na kitabu cha sarufi, na kwamba kampuni ilimzawadia aliyefaulu mtihani. Tumkubalie. Basi mazungumzo yake na Mdisho yalikuwa kati ya mwanafunzi wa miezi michache na kijana aliyeishi katika lugha hiyo. Lakini katika Kiingereza cha kitabu mambo yamegeuzwa. Bwana anazungumza kwa sentensi timilifu, akieleza na kufafanua kwa upole wa mwalimu. Mdisho anauliza na kushangaa kwa sentensi fupi za mtoto. Kiingereza kimempa bwana ufasaha ambao hakuwa nao, na kumnyang'anya mtumishi ufasaha aliokuwa nao. Hakuna sentensi moja ya Kiswahili ya Mdisho iliyoachwa ukurasani ambayo tungeweza kuipima. Kilichobaki ni "bwana".

Inafaa kulinganisha na tawasifu za Waafrika wa Afrika Mashariki waliopitia vita vilevile. Waruhiu Itote, aliyepigana Burma na baadaye kuandika "Mau Mau" General (1967), na Bildad Kaggia, aliyetumikia Mashariki ya Kati na kufika Uingereza kabla ya kuandika Roots of Freedom (1975), walivihesabu vita kama chanzo cha fikra zao za siasa. Vitabu vyao havina fahari ya nyaraka za kijana wa vitani. Vinategemea kumbukumbu ya kichwani, na vinakiri hivyo kwa mtindo wao. Kwa upande mwingine tunaye Shaaban Robert, karani katika Tanganyika ileile, ambaye bila kufika uwanja wa vita alivitungia vita hivyo utenzi mrefu, Utenzi wa Vita vya Uhuru. Yeye hakujidai kuwa shahidi. Mshairi wa utenzi ana ahadi iliyo wazi kwa msikilizaji wake, kwamba amekusanya habari na kuzipanga kwa vina. Mwandishi wa Going Solo ametoa ahadi nyingine, ya mtu aliyekuwapo, na akaitumia hata pale ambapo hadithi ilikuwa ikiendeshwa na mahitaji yake yenyewe.

Hayo yote hayafanyi kitabu hiki kuwa kibaya. Sura za Ugiriki zitasomwa muda mrefu, na zinastahili. Safari ya gari kutoka Dar es Salaam hadi Nairobi kwenda kujiandikisha ni maelezo mazuri ya nchi iliyotazamwa na macho yenye njaa ya kuona. Ninachokataa ni desturi ya kukinukuu kisa cha upanga katika tasnifu na makala kana kwamba ni habari ya polisi ya mwaka 1939.

Likabaki suala la tafsiri, kwa yeyote atakayekitia kitabu hiki katika Kiswahili. Atakumbana na "Mwanumwezi" mapema, naye atashawishika kusahihisha. Ushauri wangu ni aliache neno lilivyo katika maneno ya msimulizi, na aandike Mnyamwezi pale Mdisho anapojitaja mwenyewe. Mazungumzo ya usiku ule ndiyo yatakayokuwa mtihani wake mkubwa. Akifuata Kiingereza, atakuwa na bwana mfasaha na mtumishi anayebabaika, jambo ambalo kwa Kiswahili halisadikiki hata kidogo. Akimpa Mdisho Kiswahili kamili, na bwana akampa kile Kiswahili cha walowezi ambacho Kenya tulizoea kukiita Kisetla, kitenzi kikiwa hakina nafsi na ngeli zikiwa zimechanganyika, basi maana ya tukio zima itabadilika: itakuwa habari ya kijana aliyeelezwa vita katika lugha iliyovunjika, akaelewa alivyoelewa. Sijui kama wenye haki za kitabu wataikubali tafsiri kama hiyo. Ningependa kuisoma.